Gurudumu la Kassel: Nani Alilizungusha?

Tarehe 12 Novemba 1717, katika ngome ya Weissenstein karibu na mji wa Kassel, Ujerumani, gurudumu la mbao lenye kipenyo cha futi 12 lilisukumwa kidogo kwa mkono, likashika mwendo, kisha chumba kikafungwa na kupigwa mihuri ya lakiri. Tarehe 26 kikafunguliwa, gurudumu linazunguka. Kikafungwa tena. Tarehe 4 Januari 1718, siku ya 54, kikafunguliwa kwa mara ya mwisho, na gurudumu bado linazunguka. Hapakuwa na maji ya kulisukuma, wala upepo, wala mnyama. Mbavu zake zilifunikwa kitambaa kilichopakwa nta, na mtengenezaji wake, Johann Bessler aliyejiita Orffyreus, alishikilia kwamba hakuna atakayeona yaliyomo ndani mpaka alipwe kwanza thaler 100,000.

Miaka zaidi ya 300 imepita na watu bado wanabishana lilifanyaje kazi. Nami nimeamua kuuandika ubishi huo kwa sauti tatu, kwa sababu hakuna sauti moja inayotosha kuubeba. Yuko Fundi, mzee aliyezeeka akikereza ekseli na kufunga mashine za kusaga. Yuko Mwalimu, mwanamke anayefundisha fizikia. Yuko Wakili, ambaye kazi yake ni kuuliza shahidi alikuwa amesimama wapi. Wote watatu wanalichukulia jambo hili kwa uzito, na mimi pia.

FUNDI: Naomba tuanze na alichokiona mtu anayejua kutazama. Willem 's Gravesande alikuwa profesa wa Leiden, mtu wa vipimo na majaribio. Mwaka 1721 alilikagua gurudumu hili kwa ridhaa ya Karl, mtawala wa Hesse-Kassel. Ndani hakuruhusiwa kutazama, basi akatazama kila kitu cha nje. Ncha za mhimili zilikuwa na unene wa kama robo tatu ya inchi tu. Akazikagua pale zilipolala kwenye beringi. Hakuona kamba, hakuona mkanda, hakuona waya. Akalisukuma gurudumu, likaongeza mwendo lenyewe mpaka mizunguko 25 au 26 kwa dakika, likatulia hapo. Akalisukuma upande wa pili, likafanya vilevile. Lilipofungiwa parafujo ya Archimedes lipandishe maji, lilipungua hadi mizunguko 20, halafu likaendelea na kazi. Mwalimu, mimi nimefunga mashine maisha yangu yote. Mashine ikipewa kazi ikapungua kidogo kisha ikashikilia, hiyo ina nguvu nyuma yake.

MWALIMU: Mzee wangu, hapo tunakubaliana kabisa. Ilikuwa na nguvu nyuma yake. Ninachokataa ni kwamba nguvu hiyo ilitoka kwenye vizito vilivyokuwa ndani.

FUNDI: Lakini vilisikika! Mbunifu Joseph Fischer von Erlach, aliyelitazama mwaka huohuo, aliandika kwamba kila mzunguko alisikia kama vizito vinane vikidondoka taratibu upande ule gurudumu linakoelekea.

MWALIMU: Vilisikika, ndiyo, na huenda vilikuwepo kweli. Wazo la gurudumu lenye vizito lilikuwa la kale hata wakati wa Bessler. Bhaskara wa India alieleza katika karne ya 12 gurudumu lenye zebaki ndani ya mikono yake. Villard de Honnecourt wa Ufaransa alichora lake lenye nyundo katika karne ya 13. Wote walifuata njia moja: upande unaoshuka, vizito vijitanue mbali na kitovu, upande unaopanda, vijikunje karibu. Ukitazama mchoro unaona kabisa kwamba upande mmoja utashinda. Kinachosahaulika ni kuvihesabu. Upande ambao vizito vimekaa mbali huwa vichache, na upande ambao vimekaa karibu huwa vingi. Ukijumlisha mzunguko mzima, unapata sifuri. Lazima iwe hivyo, kwa sababu kila kizito kinachoshuka futi 12 kitapaswa kupanda futi 12 kabla hakijashuka tena, na ardhi haikitozi chini ya ilichokilipa, kipite njia iliyonyooka au iliyopinda. Simon Stevin alitumia ukweli huu tangu mwaka 1586 kuthibitisha sheria ya mteremko.

Na kuna jambo ambalo watetezi wa Bessler hulipita haraka mno. Magurudumu yake ya kwanza, lile la Gera la mwaka 1712 na la Draschwitz lililofuata, yalizunguka upande mmoja tu. La Merseburg la mwaka 1715 na hili la Kassel yalizunguka pande zote mbili. Gurudumu ambalo vizito vyake vimepangwa kuelemea kulia, litaelemeaje kushoto kwa kusukumwa na vidole viwili? Aliyeko nyuma ya ukuta hana shida hiyo. Yeye anageuza mkono tu.

WAKILI: Mwalimu, ngoja. Unamhukumu 's Gravesande kwa sheria iliyopitishwa baada ya tukio. Uhifadhi wa nishati uliwekwa wazi na akina Mayer, Joule na Helmholtz katika miaka ya 1840. Chuo cha Sayansi cha Paris chenyewe kilikataa kupokea madai ya mashine za mwendo wa daima mwaka 1775 tu. Mwaka 1721 mtu mwenye akili timamu angeweza kuamini?

MWALIMU: Angeweza, na sababu yake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki. Nipe nafasi.

Wakati ule wasomi wa Ulaya walikuwa hawajakubaliana kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachotembea. Wafuasi wa Descartes, na wengi waliomfuata Newton, walizidisha uzito kwa kasi. Leibniz, tangu mwaka 1686, alisema hapana: zidisha uzito kwa kasi, halafu kwa kasi tena. Huenda mkaona ni ugomvi wa ubaoni. Sasa tuuweke kwenye gurudumu. Rusha jiwe juu kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, litapanda kama mita 5. Lirushe kwa mita 20 kwa sekunde, litapanda kama mita 20. Kasi imekuwa maradufu, kimo kimekuwa mara nne. Galileo alikwishalionyesha hilo na hakuna aliyebisha. Basi kama kuongeza kasi maradufu kunagharimu nguvu maradufu tu, kama walivyosema wengi, maana yake umelipa mbili ukapewa nne. Zilizozidi zitumie kurusha jiwe la pili, na mashine ya mwendo wa daima unayo.

's Gravesande aliiona hesabu hiyo. Alimwandikia Newton kuhusu gurudumu la Kassel, na alishikilia kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa mwendo wa daima hauwezekani. Kwa kipimo alichokuwa nacho alikuwa sahihi! Mtu aliyefuata hesabu zake kwa uaminifu mpaka mwisho wake alipaswa kufika pale alipofika yeye.

Halafu, mwaka 1722, akafanya jaribio lake kubwa. Alichukua mipira ya shaba yenye ukubwa mmoja na uzito tofauti, akaiangusha juu ya udongo laini, akapima mashimo. Mpira mzito akauangusha kutoka chini zaidi, mwepesi kutoka juu zaidi, kwa uwiano wa uzito wao, na mashimo yakatoka sawa. Leibniz ndiye aliyekuwa sahihi: kasi maradufu hugharimu mara nne. Lipa nne, pata nne, wala hakibaki kitu mkononi. 's Gravesande akabadilisha msimamo wake hadharani, jambo ambalo wasomi wengi hawalifanyi hadi kaburini. Ndiyo maana siwezi kumdharau, Mzee wangu, hata ninapokataa gurudumu alilolitazama.

FUNDI: Na Leibniz mwenyewe alimtembelea Bessler.

MWALIMU: Mwaka 1714, kule Draschwitz. Akashauri gurudumu lijaribiwe kwa muda mrefu. Alifariki Novemba 1716, mwaka mmoja kabla ya chumba cha Kassel kupigwa mihuri.

Hapa naingilia kidogo mimi mwandishi. Karl wa Hesse-Kassel hakuwa mtawala wa kudanganywa na kila mpita njia. Alikuwa amempokea Denis Papin, mmoja wa watu wa kwanza kufanya kazi na mvuke, na kilima cha Weissenstein alikijaza maporomoko ya maji ya kujengwa. Gurudumu lenye uwezo wa kupandisha maji bila kulishwa lingekuwa na thamani kubwa kwake kuliko kwa mtu yeyote Ulaya. Alimpa Bessler cheo na makazi ngomeni. Ni yeye pekee aliyeruhusiwa kuona ndani, na inasimuliwa kwamba alishangaa jinsi lilivyokuwa rahisi. Siri alikufa nayo mwaka 1730. Kwa maoni yangu, neno la Karl ndilo nguzo imara kuliko zote upande wa Bessler, na ni neno la mtu aliyekwisha kujifunga na mradi.

FUNDI: Nirudi kwenye mashine. Wapinzani wa Bessler hawakuwa na kauli moja. Christian Wagner wa Leipzig alidai ndani kuna springi kama zile za kuzungushia nyama motoni. Borlach akachapisha mwaka 1716 mchoro unaoonyesha mtu chumba cha pili akivuta kamba. Ya springi naweza kuijibu kwa hesabu. Tuseme gurudumu lina kilo 300. Ncha za mhimili ni nyembamba, kwa hiyo msuguano wake ni mdogo. Ukiweka msuguano wa chuma kilichopakwa mafuta, ukaongeza na upepo unaokatwa na mbao, unapata kama wati 10.

MWALIMU: Nimeipiga, inakuja humohumo.

FUNDI: Wati 10 ni kidogo sana. Lakini zidisha kwa siku 54. Mizunguko inakaribia milioni mbili, na nishati inakuwa kama uniti 13 za umeme. Ukitaka kuihifadhi kwa kizito kinachoshuka, unahitaji zaidi ya tani 4,600 zishuke mita moja. Hakuna springi ya namna hiyo duniani, seuze ndani ya ngoma ya mbao.

MWALIMU: Hata hewa haiwezi kuilipa. Saa ya James Cox ya London, ya karne ileile, ilijitia ufunguo kwa kupanda na kushuka kwa shinikizo la hewa. Ilihitaji kilo 68 za zebaki, na ilichopata kilitosha saa tu. Kupandisha maji, thubutu.

WAKILI: Mnaenda mbio. Nani alikuwa chumbani siku 54?

FUNDI: Hakuna, chumba kilifungwa.

WAKILI: Basi ushahidi wa siku 54 haupo. Tulichonacho ni ushahidi wa dakika chache, mara tatu: lilipoanzishwa, tarehe 26 Novemba, na tarehe 4 Januari. Mihuri inathibitisha kwamba mlango haukufunguliwa. Haithibitishi kwamba gurudumu lilizunguka usiku wa manane tarehe 10 Desemba. Kama lilisimama wiki tano likaanza kuzunguka lilipofikiwa na sauti za hatua za wageni, karatasi zingesema yaleyale.

FUNDI: Lianzishwe na nani, bila mlango?

WAKILI: Hapo ndipo pa kumwita shahidi ambaye wasomi hawakutaka kumsikia. Mwezi Novemba 1727 Anne Rosine Mauersberger, aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa Bessler, alitoa ushahidi mbele ya mamlaka. Alisema gurudumu halijawahi kuzunguka lenyewe. Lilizungushwa kwa zamu na Bessler, mke wake, ndugu yake Gottfried, na yeye mtumishi. Alieleza nguzo zilizotobolewa ndani, fimbo nyembamba ya chuma iliyopita humo mpaka kwenye ncha ya mhimili, na mahali pa kuzungushia katika chumba cha kulala cha Bessler, nyuma ya kitanda. Alisema pia kwamba aliapishwa kunyamaza.

Na 's Gravesande alijibuje? Kwamba maneno ya mtumishi kuhusu mashine hayana uzito mbele ya alichokikagua kwa macho yake. 's Gravesande alimwona Bessler ni mwenye wazimu, lakini hakuona sababu ya kumwita tapeli. Jambo hili linaniuma. Wanaume hawa walikagua chuma, mbao, beringi na mihuri. Kati yao hakuna aliyeuliza nani analala chumba cha pili, nani amechoka mikono, nani analipwa kwa kazi isiyo na jina. Mwalimu amesema lazima nguvu itoke mahali. Fundi amesema inatakiwa wati 10. Mtu mzima akizungusha mkono wa mashine anatoa ngapi?

MWALIMU: Hamsini bila taabu. Mia na zaidi kwa muda mfupi.

WAKILI: Basi hesabu zenu wenyewe zinaelekeza kwenye mabega ya mtu. Na alipojitokeza mwenye mabega hayo, akaambiwa hajui mashine.

FUNDI: Wakili, mama, nakuheshimu, ila usinisukume kwa huruma. Wewe mwenyewe umesema shahidi hupimwa. Mchoro wa Borlach ulikuwa umeshatoka miaka kumi na moja kabla. Mwenye kinyongo na bwana wake angeweza kuisikia sokoni shutuma ile na kuirudia.

WAKILI: Kweli kabisa, na wakili wa Bessler angeniuliza hivyohivyo. Lakini Borlach alichora kamba. Huyu anataja fimbo ndani ya nguzo. Aliyekariri huleta maneno ya aliyemtangulia. Huyu ameleta mengine, tena ya kupimika.

FUNDI: Basi tuyapime, na hapa ndipo ninapokwama kweli. Kulidumisha gurudumu mwendoni ni wati 10. Kuliwasha ni jambo jingine. Wanasema lilishika mwendo wake kamili katika mizunguko miwili au mitatu. Kilo 300, futi 12, mizunguko mitatu. Fimbo inayosukuma kwenye uso wa ncha yenye nusu-kipenyo cha sentimita moja ingepaswa kusukuma kwa nguvu ya karibu tani moja. Fimbo nyembamba! Ingepinda kama waya. Na 's Gravesande alikuwa ameinamia palepale.

Tena kuna suala la mwendo. Huko Marekani mtu aliyeitwa Charles Redheffer alionyesha mashine yake Philadelphia mwaka 1812, akaumbuliwa na meno ya gia: mtoto wa mmoja wa wakaguzi aliona yamelika upande usiofaa, maana yake gia iliyodaiwa kusukuma ndiyo iliyokuwa ikisukumwa. Akahamia New York. Mwaka 1813 Robert Fulton, yule wa meli za mvuke, akaingia, akasikiliza, akajua kwa sikio tu: mwendo ulikuwa unapanda na kushuka kama wa mkono wa mtu. Akabomoa mbao, akakuta uzi wa utumbo uliopita ukutani hadi darini, na huko mzee mwenye ndevu akizungusha kwa mkono huku akila mkate. Sasa, Kassel mwendo uliandikwa kuwa wa sawasawa.

MWALIMU: Gurudumu la futi 12 lenyewe ni flaiwili, Mzee. Linameza mtikisiko wa mkono. Na kuhusu tani yako moja, nina maswali mawili. La kwanza, nani kasema kilo 300? Mbao nyembamba na kitambaa chenye nta, huenda ni kilo 100, na tani yako inakuwa theluthi. La pili, tazama michoro aliyoichapa Bessler mwenyewe. Inaonyesha pendulamu zilizounganishwa na ncha za mhimili, na ili pendulamu iungane na mhimili unaozunguka lazima pawe na mkono uliopinda. Mkono wa sentimita 10 unageuza nguvu inayotakiwa kuwa uzito wa kilo 30 na kitu. Hiyo fimbo inaweza.

FUNDI: Kama mkono huo ulikuwepo siku ile. Michoro si gurudumu. Na kule Merseburg, mwaka 1715, gurudumu lilihamishwa kutoka nguzo moja kwenda nyingine mbele ya mashahidi, likazunguka huko pia. Nguzo zote zilitobolewa?

MWALIMU: Sina jibu la Merseburg linaloniridhisha. Nina hakika kwamba vizito havikulizungusha. Njia iliyotumika kulizungusha siku ile, sijaijua.

Kauli hiyo ya Mwalimu ndiyo ninayoisimamia mimi. Wengi wakishasema kwamba haliwezekani hudhani wamemaliza kazi, kumbe wameifunga nusu tu. Bado tunapaswa kueleza mashahidi makini waliona nini. Na wanaomtetea Bessler wana deni kubwa zaidi. Baada ya ukaguzi wa mwaka 1721 alilivunja gurudumu kwa mikono yake na kuandika ukutani kwamba amechochewa na udadisi wa 's Gravesande. Alikufa mwaka 1745 kwa kuanguka kutoka kinu cha upepo alichokuwa akikijenga. Miaka 24 ilipita katikati, na hakuna gurudumu jingine lililowekwa mbele ya wakaguzi wa aina ile.

WAKILI: Mnaweza kumpima shahidi wangu bila kusubiri nyaraka mpya. Jengeni.

FUNDI: Nimeshaliwaza. Futi 12, unene inchi 14, mhimili wa mbao wenye ncha za chuma za robo tatu ya inchi. Nguzo mbili zilizotobolewa, fimbo ndani. Mtu mmoja upande wa pili wa ukuta, mkaguzi mmoja amepiga magoti penye beringi na taa mkononi. Kama katika mizunguko mitatu halifiki 26 kwa dakika, maelezo ya Mauersberger yana kasoro.

MWALIMU: Na kama linafika, mkaguzi asione kitu, utayakubali?

FUNDI: Nitayakubali. Lakini tuafikiane kwanza uzito. Siliweki kilo 100. Kule Merseburg gurudumu lilipandisha sanduku la matofali la ratili 70, na mbao za kubeba kazi ile haziwi nyepesi kiasi hicho.

MWALIMU: Weka 200, na mkono uliopinda.

FUNDI: Mia mbili, sawa. Mkono uliopinda, mara moja ukiwepo na mara moja usiwepo.

WAKILI: Na atakayezungusha aandikwe jina lake kwenye ripoti.